Rangi Ambayo Sikuitaja

Niliporudi Lubumbashi kutoka Ubelgiji na diploma ya ufamasia, sikuwa na mjomba serikalini wala bwana mkubwa kwenye migodi ya shaba. Nilisoma huku nikiosha sahani za watu. Mtaa wetu mzima wa Makomeno ulijua hivyo, na asiyejua nilimweleza mwenyewe. Diploma niliitundika sebuleni kwa mama yangu, juu ya redio, ili mgeni aione kabla hajapewa kiti.

Mwaka huohuo mama akaanza kwenda chooni kila mara. Hakusema neno. Mdogo wangu wa kike, aliyeishi naye, ndiye aliyenivuta uani, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, mama iko mugonjwa. Akienda kukojoa, inamuchoma sawa pilipili."

"Tangu lini?"

"Juma ya pili sasa. Lakini usimwambie ni mimi nilisema."

Jioni niliketi mbele ya mama na majirani wawili waliokuja kusalimia, nikatoa hotuba. Ugonjwa wenyewe sikuutaja. Nilisema tu kwamba una dawa tatu za kumeza. Ampisilini inauzwa sokoni tembe mojamoja, watu wanaimeza kwa homa, kwa jino, hata kwa huzuni. Wadudu wa mji huu wameshaizoea. Kotrimoksazoli ni nzuri, tena ni mara mbili tu kwa siku, lakini ina salfa, na salfa iliwahi kumvimbisha mama uso mzima. Inabaki nitrofurantoini: mara nne kwa siku, pamoja na chakula, siku saba bila kukatiza.

"Huyu mutoto anasema sawa redio!" jirani mmoja akacheka. "Mama, ulizaa ministre, waziri muzima!"

Mama alitabasamu, macho yake kwenye magoti.

Nilichagua vizuri. Hata leo, nileteeni wagonjwa mia kama yeye, nitachagua ileile. Lakini dawa hiyo hugeuza mkojo kuwa wa kahawia, kama chai iliyokolea. Haina ubaya, ni rangi tu, ila mgonjwa lazima aambiwe. Nilijua. Kwetu mtoto wa kiume hatamki mkojo wa mama yake, hata mbele ya dada yake. Mimi niliyejisifu kwamba mambo ya kijijini nimeyaacha, neno hilo moja nililiruka.

Siku ya pili mama aliiona rangi ile. Akadhani ni damu, kwamba dawa inamkata ndani. Akaacha kumeza, akazifunga tembe kwenye ncha ya kitenge. Kila niliposimama mlangoni na kuuliza, "Mama, umekunywa dawa?" alijibu, "Ndiyo, papa," kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe. Hakutaka niaibike mbele ya watu waliozisikia sifa zangu.

Juma lililofuata alitetemeka kwa homa, mkono kiunoni. Ugonjwa ulikuwa umepanda kwenye figo, na huko nitrofurantoini haifiki. Hospitalini walimchoma sindano. Kisha daktari akaniita kando, akaniambia kwa Kifaransa, msomi kwa msomi, kwamba figo zimekwisha.

Hapo ndipo dada yangu aliponionyesha tembe zile alizozikuta kwenye kitenge, na kunieleza yote aliyoambiwa na mama siku hiyo. Nikainama kitandani.

"Mama, ile haikuwa damu. Ni dawa inaleta rangi."

Alinigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Sasa juu ya nini haukuambia dada yako?"

Wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuka kutusikiliza. Mimi, mwenye neno kwa kila kitu, nikaanza tena kueleza jinsi dawa ile inavyofanya kazi. Mama akavuta shuka, akajifunika uso.

"Nyamaza basi, papa. Bantu banasikia."

Aliishi siku tatu zaidi. Nilikaa kando yake, tukaongea habari za majirani, za mvua, na za samaki wanaoletwa mjini kutoka Kasenga, jinsi walivyokuwa wanene zamani.