Kwenda Geita Kuazima Ramani ya Tanuri

Dada alinituma Geita kuazima ramani ya nyumba ya mjomba, mchimbaji aliyepata dhahabu na vioo vyeusi kwa pamoja. Kwetu Kambarage, mjini Shinyanga, fundi aliisubiri ramani hiyo achimbe msingi, na mama yetu mwenye pumu ndiye angehamia nyumba hiyo mpya.

Asubuhi basi lilipita Kahama. Mitaa yote ya Nyasubi ina homa hiyohiyo ya ujenzi: paa limefichwa nyuma ya ukuta, kana kwamba bati ni aibu ya ukoo. Miti imekatwa ili nyumba zionekane. Zinaonekana kweli, na jua limeziona.

Alasiri nilifika Geita. Jumba la mjomba lilikodolea barabara macho, upande wa magharibi, kwa vioo vya kutoka sakafuni hadi darini. Halikuwa na baraza. Umeme ulikuwa umekatika. Nilipoingia sebuleni nikajua vinachokijua viazi vilivyofukiwa kwenye majivu ya moto.

“Shikamoo, mjomba. Wengine wako wapi?”

“Marahaba. Wametoka kidogo.”

Mkewe, Mama Kulwa, aliita kutoka nje: “Njoo huku, ng'wana wane, mwanangu. Sebule yetu iko kwa jirani.”

Familia yote ilikuwa imehamishia viti barazani kwa mzee mwenye nyumba ya udongo, ileile ambayo mjomba huiita kichuguu.

“Mjomba wako kajenga nyumba ya kupigia picha,” alisema Mama Kulwa. “Kuishi, tunaishi huku.”

Mjomba alitufuata, kiti mkononi. “Umeme ukirudi, kiyoyozi kitawanyamazisha.”

“Ukirudi utuamshe,” alisema jirani, akimsogezea nafasi.

Kesho yake nilirudi Shinyanga na ramani, nikamweleza dada kila kitu.

“Tukiweka baraza watasema tumehamishia kijiji mjini,” alinijibu.

Mama aliitazama ramani. “Saa tisa mchana nitakaa wapi?”

Dada alipitisha kidole chumba hadi chumba, akarudia. Kisha akampigia fundi simu.

Ramani iligeuzwa, nyumba ikajengwa. Baraza liko mashariki, paa limetokeza nje ya kuta, madirisha yanatazamana, na miarobaini ya kiwanjani haikuguswa. Safari ile ilinifunza kwamba watu wetu hujengea macho ya wapita njia, kisha hutafuta pengine pa kupumulia. Mama anapumulia kwake.

Kioo cheusi tumeweka kimoja, cha stoo, kinachotazama barabara. Dada anasema majirani nao wana haki ya kuheshimu kitu.