Umeme Haupulizwi

Kwa miaka thelathini fundi umeme aligombana na wateja kwa jambo moja. Soketi ikitoa moshi, mtu anaikimbilia mashavu yamejaa pumzi kana kwamba anazima mshumaa. "Zima swichi kubwa," fundi anafoka. "Umeme haupulizwi."

Asubuhi moja, akiwa juu ya ngazi kazini, moyo wake ulianza kwenda mbio ukakataa kutulia. Mkewe akamkimbiza hospitali. Skrini ya mapigo ya moyo ilisoma mia na themanini na nane kwa dakika.

"Umeme wa moyo umevurugika," nesi alisema, akimpa bomba la sindano lisilo na sindano. "Puliza humu kwa nguvu."

Fundi alimtazama kama anayetaniwa. "Mwanangu, umeme haupulizwi."

"Baba watoto, puliza," mkewe akasema. "Ubishi utaukuta nyumbani."

Akapuliza mpaka macho yakamtoka. Nesi akamlaza chali upesi, akamwinua miguu. Skrini ikasita, kisha ikasoma themanini na mbili.

"Kila upande wa shingo kuna mshipa wa fahamu," nesi alieleza, kidole chake kikishuka hewani kutoka sikioni hadi tumboni. "Unatoka kwenye ubongo, unapita kooni, unafika moyoni, kwenye mapafu mpaka utumboni. Pumzi yako imeuamsha, nao umeutuliza moyo."

Fundi aliweka kiganja shingoni, akakishusha polepole hadi kifuani.

"Waya mmoja, vyumba vyote hivyo," alisema. "Ni nani aliyeupitisha asibomoe hata ukuta mmoja?"