Kikopo cha Buluu cha Madam

Niliondoka Mwingi kwa sababu binti yangu Mwende alikuwa karibu kufukuzwa kazi Jeddah, na kisa chenyewe sikukielewa. Kwenye simu alisema ni kikopo. Umekivunja? Hapana. Umekiiba? "Baba!" Nikakata tiketi. Shule niliachia darasa la tatu, lakini duka la vyombo ni langu, na sijawahi kutuma mtu aniombee.

Riyadh, asubuhi. Huko ndiko anakofanya kazi kafili wake, yule mdhamini aliyemwajiri, mwana wa madam anayemtumikia. Alinikaribisha kahawa nyepesi kama chai, akanieleza kwa Kiingereza cha polepole. Mama yake alinunua Ulaya kikopo cha kale mno, cha kanisani, naye hukitilia peremende. Mwende huzimwaga na kukifunika kitambaa cheupe.

"Nimechoka, mzee," akasema. "Mama akimsamehe, abaki."

Jeddah, alasiri. Nikakiona. Cha shaba, kifuniko kimechongoka, buluu inang'aa na vimaua vyeupe. Rangi ya kuchomwa motoni, kama sahani za enameli ninazouza.

"Hiki ndicho cha kukufukuzisha?"

"Baba, mapadre walitia hostia humo. Mwili wa Kristo."

"Na sasa umo?"

"Haumo."

"Sasa?"

Akakipangusa kwa kile kitambaa cheupe. Ukatoliki aliufuata kwa mama yake. Kanisani kwangu tunamega mkate, tunaenda nyumbani.

Madam akaja na fimbo yake, akaninyooshea kikopo. "Anasema mgeni achukue peremende," Mwende akatafsiri, macho chini. Mkono wangu ulienda, ukarudi. Hadi leo sijui kwa nini.

Madam akacheka. "Hata mzee!"

Nikamweleza habari ya hostia, Mwende akitafsiri. Madam akamgeukia kwa ukali: "Kwa nini hukusema? Sisi pia hatuweki kitu juu ya Msahafu. Halas, yamekwisha!" Akamimina peremende kwenye sahani, akakifungia kikopo kabatini, ufunguo mfukoni. Akasema Mwende abaki.

Nikatoka kifua mbele. Mlangoni, Mwende analia.

"Kwani kazi si unayo?"

"Huku hakuna kanisa, Baba. Nilikuwa nasali nikikipangusa."

Nimerudi Mwingi. Watu wananipa mkono, nami sijui nimeshinda nini. Nilichojifunza ni kwamba nilisafiri kote huko kumtetea, na njia nzima sikumwuliza anataka nini. Juzi ndipo nimempigia, nikamwuliza.

"Hata mimi sijui tena, Baba," akasema.