Mpekuzi wa depo la sukari na mikono ya binti yake

Saa tisa na nusu alasiri, king'ora cha depo kinalia, na wanawake sitini wanapanga mstari mbele ya lango la chuma katika Zone Industrielle, eneo la viwanda la hapa Bujumbura. Hakuna anayewaambia la kufanya. Kila anayefika mbele anaweka mfuko wake chini, ananyanyua mikono na kugeuka.

Anayewasubiri ni Caritas, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Anaanza na kilemba, anashuka kwenye kola, kiunoni, kwenye pindo la kitenge, anamalizia na viatu. Hili ni depo la kufungashia sukari, na sukari siku hizi mjini inatafutwa kama dawa, kwa hiyo hatoki mtu bila kupekuliwa. Hata mwandishi wa simulizi hii, aliyekuja na daftari na kalamu tu, alinyanyua mikono kama wengine. Kalamu ilifunguliwa ikachunguliwa ndani.

Kisha linafuata jambo ambalo halimo katika kanuni za depo. Caritas anaishika mikono ya aliyepekuliwa, yote miwili, anaishusha mwenyewe taratibu, anamtazama mtu usoni na kusema, "Asante kwa kazi, Mama Divin." Ndipo anayefuata anasogea.

"Hii ya kushusha mikono sikuzaliwa nayo," anasema. "Nilipewa. Aliyenipa namushukuru mpaka kesho."

Alipoanza kazi hii, miaka minane iliyopita, aliyemfundisha alikuwa Melchior, mkuu wa walinzi, mtu mnyoofu mwenye sheria mbili tu. Ya kwanza, kila anayetoka ni mwizi mpaka apekuliwe. Ya pili, usimtazame mtu usoni, maana uso utakuomba huruma. Wewe tazama mikono. Wiki ya kwanza Caritas alirudi nyumbani akilia. Mwezi wa tatu alikuwa hakumbuki tena kwamba palikuwa na kitu cha kulilia. Ndivyo tulivyo binadamu, linalotuchoma leo, kesho kutwa tumelizoea.

Wanawake wale nao walizoea. Mtu ukimfanya mwizi kila siku saa tisa na nusu, ipo siku atajiuliza jina hilo linamfaidisha nini. Sukari ikaanza kupita ndani ya soksi, ndani ya nywele, ndani ya chupa ya uji. Aliyefanikiwa kupita nayo alipongezwa huko nje kama aliyefunga bao. Caritas analipwa faranga laki mbili kwa mwezi, karibu nusu inaliwa na kodi ya chumba, na kibarua chenyewe kilikuwa hatarini kila mizani ilipoonyesha upungufu. Basi akazidi kupekua, nao wakazidi kuficha.

Chumba hicho kiko mtaa wa Buyenzi, na ndani yake anaishi na binti yake, Danielle, anayemlea peke yake. Mwanzoni mwa mwaka jana, mtoto akiwa na miaka mitano, Caritas alimkuta na chembe za sukari mfukoni. Kumbe alikuwa amelambishwa na mama mwenye nyumba. Lakini hofu ilimshika Caritas, kwani majirani wote wanajua anafanya kazi wapi, na midomo ya watu haina mlango. Tangu siku hiyo, kila akirudi, kabla hata ya kumsalimia mtoto, alipitisha mkono kwenye mifuko yake.

"Mi sikuona ubaya," anasema. "Niliona namulinda."

Jioni moja ya Machi, mwaka huohuo, alirudi na mandazi mawili ya moto, yamefungwa kwenye karatasi. Danielle alisikia sauti yake, akakimbia mpaka mlangoni, na pale akasimama ghafla. Akanyanyua mikono. Akageuka, akampa mama yake mgongo, akangoja.

Anapofika hapa Caritas anasita, anafuta macho kwa ncha ya kitenge, wala haoni haya. "Hakuna mutu alimufundisha. Mi ndiye nilimufundisha, na sikujua kama niko nafundisha."

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakutuambia kwamba malezi mengine tunayabeba kutoka kazini bila kujua, kama vumbi la sukari kwenye nguo.

Kesho yake, langoni, mikono ya Caritas iligoma. Zamu ya Mwantum ilipofika, Caritas alisimama tu bila kumpekua. Mwantum ni mfungashaji wa miaka mingi, mama wa Kiislamu mzaliwa wa Buyenzi, anayeitwa na kila mtu Mama Anouar, na mdomo wake haujui likizo. Siku ile hakutania. Alimwuliza ana nini, na Caritas akamweleza palepale, mstari mzima ukingoja na Melchior akikohoa pembeni.

"Mama Danielle, mikono haina makosa," Mwantum alimwambia. "Inafanya ile uliifundisha. Basi ifundishe ingine."

Akamweleza kwamba wao wakimaliza swala hupeana mkono na aliye kando, hata kama hawamjui, ili asiondoke mtu bila kuonwa. Nipekue, alisema, hiyo ni kazi yako na mimi sina kinyongo. Lakini ukimaliza, nipe mkono. Caritas akampekua kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akaishika ile mikono iliyokuwa bado juu na kuishusha. Neno asante lilitoka lenyewe.

Melchior alinung'unika kwamba mstari utachelewa. Ulichelewa kweli, dakika tano hivi, na wiki ya kwanza wanawake walicheka, wengine wakamwuliza kama ameokoka upya. Leo Melchior mwenyewe anakiri kwamba lango limekuwa na adabu. Anselme, mtunza stoo, anaonyesha ndoo inamowekwa sukari iliyokamatwa: zamani ilijaa kabla ya Jumamosi, sasa mwezi unaisha haijafika nusu. Hathubutu kusema ni kushikana mikono tu kulikoleta hayo.

Wala wizi haujaisha. Juzi Caritas alikuta kifuko ndani ya kilemba, akakitoa, akaandika jina kama inavyotakiwa, na bado akaishusha mikono ya mwenye kilemba na kumshukuru kwa kazi. Mama yule alilia, akasema afadhali angetukanwa.

Jumatatu anaanza mpekuzi mpya, msichana anayeitwa Prudence, na Caritas ndiye atakayemfundisha. "Melchior alinianzisha na mikono," anasema akicheka. "Mi nitamuanzisha na uso. Mikono atajifunza tu."

Na Danielle? Hapo Caritas anaacha kucheka. Watu wazima walibadilika ndani ya miezi michache, mtoto bado. Tangu siku ya mandazi hajapekuliwa hata mara moja. Kila jioni mama yake hupiga magoti mlangoni, huishusha ile mikono midogo, humshukuru kwa kumsubiri. Kesho yake inapanda tena. Anachoogopa ni kwamba binti yake atakua akinyanyua mikono mbele ya kila mtu, kabla hata hajaulizwa kitu.

"Naomba Mungu kitu kimoja," anasema. "Siku moja nifike, anione mi, asione lango."

Leo anatoka na Mwantum kama kawaida yao, kwa miguu, maana mafuta ni adimu na mabasi ni ya kuhesabu. Wanakatiza mtaa wa Asiatique, Mwantum akibishana na bei za kila duka bila kununua hata sindano. Wakiingia Buyenzi, Caritas anaita jina la mtoto kutoka mbali. Mlango unafunguka. Danielle, miaka sita sasa, sare ya shule bado mwilini, anakuja mbio na kusimama hatua mbili mbele ya mama yake.

Mikono inaanza kupanda. Inafika mabegani, inasimama hapo. Mtoto anamtazama mama yake usoni, anamtazama sana, kisha mikono inashuka na kumzunguka kiunoni.

Mwantum anaweka mfuko wake chini.

Caritas amebaki na mikono yake mwenyewe hewani, hajui aiweke wapi. Mwantum ndiye anayeishika, yote miwili, na kuishusha taratibu mpaka kwenye mgongo wa mtoto.

"Asante kwa kazi, Mama Danielle," anasema.