Nani Kama

Mama yangu alikipinda kijiko changu kizuri cha kupakulia kwa ajili ya kitovu cha mjukuu wake. Nilikinunia kile kijiko miezi mizima, mpaka nilipopata jambo kubwa la kulilia.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni, Scarborough, huku Kanada, baridi ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimejifungua binti yangu, na mama alikuja kutoka Muheza kunitunza, maana mume wangu alikuwa anakesha ghalani Brampton na mchana analala kama gogo. Kitovu kilipodondoka, nikataka kukitupa pamoja na nepi. Weee! Nilipigiwa kelele hizo!

"Kitovu hakitupwi jalalani! Unataka mtoto akose kwao? Changu kiko chini ya mnazi, chako kiko chini ya mchungwa, na cha huyu nikaseme kiko kwenye lori la taka?"

Akavaa koti la mume wangu juu ya kanga, akashuka na kijiko. Ardhi ilikuwa imeganda ngumu kama saruji. Alipiga magoti kwenye theluji nyuma ya jengo akachokoa, akachokoa, mpaka kijiko kikasalimu amri. Jirani yetu wa ghorofa ya nne, bibi mjane wa Kizungu, alimkuta pale akitetemeka, akamshika mkono na kumrudisha juu kwangu. Akaniuliza mama amepoteza nini.

Nikamweleza, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema yeye ni mwanachama wa chama cha historia ya eneo letu, na majira ya joto wanachimba kiwanja nyuma ya maduka, palipokuwa na nyumba ya mkulima wa zamani. "Mwambie mama yako asubiri," akasema. "Shimo tutachimba sisi."

Mama akasubiri. Kitovu kikakaa kwenye kopo la kahawa juu ya friji, na mimi nikapigwa marufuku kuligusa.

Mwezi wa sita tukaenda. Wanachama wote walikuwa wazee wenye kofia pana, wamepiga magoti kando ya mashimo ya mraba, wanakwangua udongo kwa mwiko wa fundi ujenzi na kuufagia kwa brashi, kimya. Mama akadhani ni msiba. Kabla sijamzuia, amekwisha kukaa chini kwenye majani, kanga kichwani, anawapa pole mmoja mmoja. "Poleni jamani, poleni. Ni kazi ya Mungu." Wale wazee wakamwitikia kwa kutikisa vichwa. Nilipomwambia wanatafuta vigae vya sahani na misumari ya huyo mkulima, wajue alivyoishi, alishangaa kweli.

"Kwani hana wajukuu wa kuulizwa?"

"Walihama, mama."

"Loh, maskini," akasema, akamwangalia binti yangu mgongoni mwangu.

Jioni, kabla hawajafukia, mama alikitia kitovu kwenye shimo la pembeni. Alikuwa amekifunga kwenye kipande cha kanga yake kuukuu, ile tuliyoichana nepi. Jirani ndiye aliyemwagia koleo la kwanza la udongo. Mama akapiga kigelegele, wazee wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini. Njiani kurudi aliniambia sasa hana deni na mjukuu wake.

Alirudi nyumbani vuli. Theluji iliyofuata haijayeyuka, kaka akapiga simu. Presha. Alianguka jikoni, hakufika hospitali.

Sikwenda kumzika. Makaratasi yangu yalikuwa bado, na wakili alisema nikitoka nisitegemee kurudi. Wenzangu wa kanisani walikuja na wali na vitenge, wakakaa nami sakafuni, wakaimba. Nawashukuru mpaka leo. Lakini kule Muheza kila mtu, hata wale waliokuwa wakimsema, alishika udongo akamtupia mama yangu. Mimi niliyetoka tumboni mwake sikutupa hata punje. Jambo hilo lilinikaa kooni. Nikila, lipo. Nikimnyonyesha mtoto, lipo.

Kiangazi kikaja, jirani akanipigia simu. Wamelifungua tena shimo la pembeni ili walipanue, maana wale watu, bwana, kufukia kwao si kufunga. Mama hakulijua hilo, wala mimi. Wamekuta kitambaa chenye maandishi. Walielewa si cha zamani; jirani alikikumbuka kuwa ni kile cha mama, ila alidhani maandishi yale ni jina la mwenye kanga, wakataka kumrudishia. "Katika watu wenu," akaniuliza, "unamfahamu mama mmoja anaitwa Nani Kama?"

Nilicheka. Tangu msiba sikuwa nimecheka, na kicheko kikanigeukia papo hapo, nikakata simu.

Nilikwenda na mtoto mgongoni. Kipande kilikuwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki, kimepauka, kimeliwa kingo, NANI KAMA imebaki inasomeka. Kitovu chenyewe kilikwisha kuwa udongo. Mwenyekiti wao akanieleza kwa upole kwamba kwa utaratibu wao kitu kikishatoka ardhini hakirudi, kinasafishwa na kutunzwa. Nikamwambia hiki kitarudi.

"Huyo Nani Kama ni nani?" jirani akauliza.

"Si mtu. Ni swali. Neno la mwisho limechanika."

"Neno gani?"

Nilifungua mdomo niseme "mama", likatoka yowe. Nililia kilio cha kwetu, cha mikono kichwani, katikati ya wale wazee wa watu. Wakavua kofia. Mwenyekiti akautoa mfuko mfukoni mwake na kunipa. Nikakirudisha kitambaa shimoni, nikashika udongo, nikatupa. Nikashika tena, nikatupa. Jirani akapiga magoti kando yangu naye akatupa wake.

Baadaye kile kiwanja kiliuzwa, wakamwaga lami, pakawa maegesho ya magari. Jirani naye amekwisha kufariki, na yeye nilimtupia udongo. Kila mwaka, mwezi uliomchukua mama, nilikwenda kusimama pale kati ya magari na binti yangu, bila kumweleza. Ningeanzia wapi? Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

Mwaka aliofikia kimo changu, alinishika mkono pale pale tulipozoea kusimama. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, isipokuwa neno moja:

"Hapa ndipo tulipomzika bibi?"

Nilitaka kumwambia hapana mwanangu, hapa tulizika kitovu chako, hapa ni kwenu. Bibi yuko Muheza.

Nikamjibu ndiyo.