Kaimu na Mchezo wa Kiti cha Miguu Minne

Mimi ni katibu muhtasi wa Mkurugenzi, na kabla sijasema lolote kuhusu Kaimu niseme hili kwanza: mimi si joka. Nina hasira, sikatai. Mtu akinijia dakika moja kabla ya chakula cha mchana eti anataka kumwona mzee, nitamkodolea macho mpaka akumbuke ana shughuli kwingine. Lakini joka? Lenye mkia? Kaimu alinikosea, na nilimwambia usoni.

Jina la Kaimu tulimpa kwa sababu ndicho cheo chake. Mkuu wa masijala alipostaafu, yeye aliambiwa akaimu kwa miezi mitatu, barua ya kumthibitisha inafuata. Miezi mitatu hiyo sasa imefika miaka kumi na moja. Kazi zote za mkuu anafanya yeye, lawama zote za mkuu anabeba yeye, na kibao cha mlangoni bado kina jina la yule aliyestaafu, ambaye siku hizi anafuga kuku. Barua yenyewe iliandikwa zamani, ilibaki saini ya Mkurugenzi tu. Kila mwezi Kaimu anapita mezani kwangu, anakohoa kidogo, anauliza, "Dada, mzee hajaniita?" Nami namjibu, "Bado, kaka." Tunaulizana hali za watoto, anashuka zake masijala.

Mwingine angepiga kelele. Kaimu hapigi kelele. Yeye akitaka kulia anachora jedwali. Basi Jumapili kadhaa mfululizo alikaa kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwake, akatunga mchezo.

Msidhani ni bao au karata. Huu, watu wanne watano wanazunguka meza, kila mmoja anapewa karatasi ya mtu wa kujifanya: karani, mhasibu, mtunza stoo, hata bosi. Mmoja anakuwa Msimulizi, anaeleza yanayotokea. Wengine wanasema wanafanya nini, kisha wanatupa dadu kujua kama wamefaulu. Nasikia kwenye michezo ya namna hii watu huua mazimwi na kuokoa wafalme. Kwa Kaimu, umekalia kiti cha miguu mitatu, na unatakiwa upate cha miguu minne kabla hujastaafu. Basi. Meza ikizungukwa mara moja, umezeeka mwaka.

Kila mtu ana nguvu zake kwa namba: Subira, Ulimi, na Kuonekana Una Shughuli. Hiyo ya mwisho ndiyo inayookoa wengi, maana ukitembea na faili kwapani hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Kuna mtego unaitwa Kikao cha Kupanga Kikao. Kuna Mashine ya Fotokopi, ambayo haishindwi kwa silaha yoyote, unaikwepa tu. Na mlangoni kwa bosi kuna Joka, nguvu kumi na nane, udhaifu wake biskuti.

Biskuti, jamani!

Sasa, Jumatatu Kaimu akaja ofisini na kurasa zake sita, ana nia ya kuzitoa nakala kimyakimya. Juu alikuwa ameandika kwa utani, kiofisi kabisa: "Utaratibu wa Kupata Kiti." Hapo simu ikalia, akapokea. Mtu aliyekaa masijala miaka ishirini na mbili, karatasi ikipita mbele yake mikono inafanya kazi yenyewe. Huku anaongea, akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaipa namba ya kumbukumbu, akaitoboa, akaifunga kwenye jalada, akaitumbukiza kwenye trei ya majalada ya kuzunguka. Alipokata simu, tarishi alishapita. Maskini akatafuta kurasa zake siku nzima hadi chini ya kabati.

Na ofisi yetu ina desturi yake: jalada la kuzunguka halisomwi, linasainiwa. Unaangalia nani kasaini kabla yako. Ukiona yupo, na wewe unasaini. Mhasibu akaandika, "Nimeona." Watu wa utumishi wakaandika, "Utaratibu mzuri, uanze mara moja." Mimi nilisaini huku natafuna biskuti, lakini hilo tuliache.

Aliyesoma ni mtunza stoo peke yake. Kule stoo hakuna la kufanya, halafu yule bwana agizo likiwa na muhuri hulitekeleza hata likimwambia aruke dirishani. Jumatano nikashuka kuchukua rimu ya karatasi. Nakuta katandika kitambaa kaunta, juu yake dadu mbili.

"Tupa," akaniambia.

"Nitupe nini?"

"Dadu, dada. Utaratibu mpya. Chini ya saba unarudi Jumatano ijayo."

"Wewe una wazimu?"

Akanionyesha nakala yake. Muhuri upo, namba ipo, saini kumi na mbili, moja yangu. Nikatupa. Tano. Nikapandisha ngazi bila rimu, mimi huyu, na barua ya mzee haijachapwa.

Lakini ile nakala nilikuwa nimemnyang'anya, nisome kulikoni. Kufika ukurasa wa nne, nikakutana na Joka. Limekaa mezani, simu sikioni, na miwani ya mnyororo. Weee! Nilishuka masijala ngazi mbili mbili.

"Kaka, mimi joka?"

Kaimu aliziona zile karatasi mkononi mwangu, akanywea. "Dada, jalada lenyewe liko wapi?"

"Nakuuliza joka, unaniuliza jalada?"

"Umefika ukurasa wa tano?"

Nikafungua. Ukurasa wa tano ulikuwa wa bosi. "Mkubwa. Akili: tupa dadu kila asubuhi. Uwezo maalumu: kusahau." Na pembeni picha, kachorwa na lile tumbo lake, tai imelala juu yake kama mtoto. Hasira yangu yote ikayeyuka. Kwa sababu jalada lenyewe nililiingiza mimi mwenyewe ofisini kwa mzee asubuhi ile, pamoja na chai yake.

"Mzee hasomi," nikamwambia. "Atasaini tu."

"Kuna picha, dada," akasema Kaimu. "Watu huangalia picha."

Akakaa chini. Miaka kumi na moja amengoja barua moja, na sasa hata huo ukaimu unakwenda, unga umemwagika. Nilitaka kumgombeza nikashindwa. Nikampa maji.

Saa nne kamili kengele ya mzee ikalia. "Niitie Kaimu," akasema. "Na mhasibu, na mtunza stoo. Na wewe uingie, joka."

Tuliingia kama watu wa msibani. Mzee kapangusa meza yote, kaacha kurasa sita, na mtunza stoo akaweka dadu zake mbili kando yake.

"Nani katunga hiki?"

"Mimi, mzee," akasema Kaimu.

"Nimesoma mara mbili. Sijaelewa ugumu uko wapi. Mtu anaomba kiti, anapewa kiti. Kaeni. Mimi ni karani, na nitakuwa nimeshinda kabla ya chakula cha mchana."

Tukatazamana. Kaimu akawa Msimulizi. Mtunza stoo akawa mtunza stoo, alikataa katakata kuwa kitu kingine. Mhasibu, mtu ambaye akipiga chafya anaiomba radhi meza, akaangukiwa na nafasi ya bosi. Mimi mnajua nilikuwa nani. Nilikubali kwa sharti moja, nguvu zipande ziwe ishirini.

Mwaka wa kwanza ombi la mzee likapotea kati ya meza mbili. Mwaka wa pili akakwama Kikao cha Kupanga Kikao. Wa tatu akafika kwangu.

"Bosi yuko kwenye kikao," nikamwambia.

"Lakini namwona pale!"

"Unamwona yuko kwenye kikao."

Sitadanganya, nilisikia raha. Mwaka wa tano ndipo alipokumbuka biskuti, akatoa pakiti yake halisi kwenye droo, nikampisha. Akamfikia mhasibu. Na yule mhasibu wetu mpole kumbe ana mambo! Kaegemea kiti, kakunja miguu, kalivuta ombi, kachukua kalamu nyekundu, kaandika upana wote: TUONGEE. Kalirudisha bila hata kuinua macho.

"Haya, tuongee," akasema mzee.

"Sasa hivi nimebanwa."

"Rudi mwanzo, mzee," akasema Kaimu taratibu. "Jalada likiandikwa Tuongee, linarudi chini kungoja mwenyewe aitwe."

"Ataitwa lini?"

"Haitwi, mzee."

Mzee akapiga meza, dadu zikaruka. "Huu mchezo umekosewa! Hakuna bosi wa namna hiyo!"

Hakuna aliyeinua uso. Mtunza stoo akaanza kukagua kucha zake. Mimi nilikuwa naangalia birika.

Kaimu akainuka, akatoka bila kuomba ruhusa. Nikajua kwisha habari, anakwenda kuchukua koti lake. Dakika mbili akarudi na jalada jembamba, akalifungua mbele ya mzee. Ndani mlikuwa na barua ya kumthibitisha kazini. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mzee mwenyewe: Tuongee. Na tarehe, miaka kumi na moja iliyopita.

Mzee aliisoma kwa muda mrefu mno kwa neno moja.

"Kwa nini hukunigongea tu mlango?"

"Uliandika tuongee, mzee. Nikangoja uanze."

"Na nyumbani unawaambiaje?"

"Nawaambia mwezi ujao. Zamani mama watoto alikuwa akiuliza mwezi upi. Siku hizi ananiambia tu, haya."

Mzee akatafuta kalamu ya bluu. Mkononi alikuwa nayo, mimi ndiye niliyemwonyesha. Akasaini. Sekunde tatu, nilizihesabu, na nikaona haya kwa niaba ya jengo zima.

Kaimu alipiga simu nyumbani pale pale kwenye korido.

"Mke wangu, nimethibitishwa."

"Haya," nikasikia. "Rudi mapema, bomba la jikoni linavuja."

Akaniangalia, akanipa simu.

"Wifi, ni mimi wa ofisini kwake. Kweli imesainiwa. Nimesimama hapo hapo nikaona."

"Wifi, unaapa?" akauliza.

"Naapa."

Nikasikia akikaa kwenye kitu, kisha akilia. "Mwambie anisamehe," akasema. "Nilishaacha kumwamini."

Simu ile ina sauti kubwa, hapakuwa na haja ya kumwambia. Kaimu alikuwa amejifunika uso kwa jalada.

"Hata mimi," akasema. "Mwambie hata mimi nilishaacha."