Tulivyobadilisha Sanduku la Baba kwa Randa ya Umeme

Kiwanda alichofanyia kazi baba kilipopunguza watu, kila baba wa mtaa wetu pale Nyakato aligeuka mfanyabiashara kwa wiki mbili. Mmoja alifuga kuku, kuku wakafa. Mwingine akanunua baiskeli ya kukodisha, ikakodishwa siku ya kwanza ikaenda moja kwa moja. Baba yangu hakuhangaika. Kiwandani alikuwa seremala, akatoka na sanduku lake la vyombo, akasimamisha banda la mabati mbele ya nyumba, akaendelea pale alipoishia. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Kwenye ripoti yangu mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwamba msichana huyu ana uwezo ila ana mdomo, nami nikaona nimesifiwa mara mbili.

Sanduku lile lilikuwa zito kama jeneza la mtoto. Ndani mlikuwa na randa tatu, misumeno miwili, keekee ya kuzungusha kwa mkono, na patasi zilizopangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Baba alipewa na Kalasinga mmoja aliyemfundisha useremala akiwa kijana, wakati mzee yule alipofunga karakana yake na kuondoka nchini. Vyote vilikuwa vyuma vya Mwingereza, na mipini imeingia rangi ya viganja vya watu wawili. Mimi niliviita makumbusho. Wageni wakija nilikuwa nawaambia, "Karibuni, kiingilio ni bure, msiguse."

Baba alikuwa anacheka. Mama hakuwa anacheka, kwa sababu alijua kitu ambacho mimi nilikuwa sijakitilia maanani. Kwetu, fundi akienda kufanya kazi kwenye banda la mwenzake, anakwenda na vyombo vyake. Akifika na sanduku, anaitwa fundi na analipwa kama fundi. Akifika mikono mitupu, anaitwa kibarua, hata kama ndiye aliyemfundisha mwenye banda. Hakuna anayegombana juu ya hilo. Ndivyo ilivyo.

Basi soko huria likaja na mambo yake. Mjini maduka yalijaa vitu ambavyo sisi watoto tulikuwa hatujawahi kuviona: redio zenye taa, thamosi zenye maua, na vyombo vya ufundi vyekundu na vya njano ndani ya maboksi yenye picha ya mzungu anatabasamu huku anatoboa ukuta. Fundi mmoja kijana wa barabara kuu alinunua mashine. Ukipita kwake unasikia banda linalia kama nzi mkubwa kwenye chupa, na milango inatoka kila siku.

Ndipo akaja tajiri mmoja wa samaki aliyekuwa anajenga gesti. Alisimama bandani kwetu, akapapasa mlango ambao baba alikuwa anaumalizia.

"Mzee, kazi yako nimeipenda. Nataka ya vyumba vyote. Milango ya mninga, wiki tatu."

"Wiki tatu?" baba akauliza.

"Mwenzako wa barabarani ana mashine, anasema wiki mbili. Ila mikono yako naiamini zaidi. Fikiria, Jumatatu nitapitia jibu."

Akatuachia harufu ya manukato na tatizo.

Kwa mikono na vyombo vya Kalasinga, wiki tatu haikuwezekana hata kama baba angeacha kulala. Akiikataa kazi ile, fundi kijana anaichukua, na baada ya hapo nani angekumbuka njia ya kuja kwetu? Jioni ile tulikaa uani, baba, mama na mimi. Baba alisema kuna duka la vifaa mjini ambalo mwenyewe, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Mwanza na anayesema Kisukuma kuliko mimi, yuko tayari kubadilishana: sanduku zima kwa randa ya umeme, drili, na seti ya patasi mpya.

"Yeye atalifanyia nini sanduku la zamani?" mama akauliza.

"Wajenzi wa mitumbwi wa visiwani wanaviulizia vyuma hivi kila wiki."

"Sasa kama watu wanavuka ziwa kuvitafuta, wewe unavitoa ili iweje?"

"Wale hawana umeme," baba akasema. Jibu lilikuwa zuri mno.

"Na mimi nipige kura?" nikauliza.

"Wewe osha vyombo," mama akasema.

"Vya baba au vya jikoni?"

Nikarushiwa kandambili.

Jumamosi tukaenda dukani, baba na mimi, sanduku likiwa juu ya mkokoteni wa kukodi. Mama alikataa kuja. Alisema macho yake hayana la kusaidia kule.

Mwenye duka alimwamkia baba kwa Kisukuma, wakaulizana habari za nyumbani mpaka nikachoka kusimama. Kisha akapanga vyombo juu ya kaunta. Baba alianza na patasi. Akatoa uzi mfukoni, akaifunga patasi shingoni, akainyanyua ikaning'inia, akaigonga kwa msumari. Ndivyo Kalasinga alivyomfundisha. Chuma kizuri kinalia muda mrefu, kibovu kinasema "tik" na kunyamaza. Ile mpya ililia vizuri ajabu. Baba akagonga tena, sikio karibu, macho amefumba. Ikalia tena. Nikamwona anashangaa, kama mtu aliyetegemea kukasirika akakosa sababu.

"Nataka kuijaribu kwa tupa," akasema. "Nikwaruze kidogo pembeni, nijue ugumu wake."

"Hapana, mzee wangu, ukikwaruza umenunua," mwenye duka akajibu kwa upole. "Mimi nakwambia ukweli, bei ya chini ni bei ya chini. Sikulazimishi."

Lakini sikio lilishasema ndiyo. Baba akairudisha patasi, akageukia randa ya umeme. Mwenye duka akaichomeka, ikanguruma, watu wawili waliokuwa wananunua misumari wakasogea. Baba akaishika kwa mikono miwili. Alitafuta mahali pa kuifunga uzi, hakupaona. Akaipindua, akaigonga kwa ukucha. Ni plastiki. Haikusema kitu.

Akanigeukia. "Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sababu mimi nimepewa jina la mama yake na ndivyo anavyoniita akitaka jambo, "chuma nakisikia. Hii siisikii. Ndani ya boksi kuna kitabu cha Kiingereza. Nisomee kinasemaje."

Hapa ndipo pangu. Niacheni nione aibu sasa, maana siku ile sikuona. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, na aliyeandika kile kitabu naye nadhani alikuwa wa kuombea maji, kwa hiyo tulikuwa vipofu wawili tunavushana barabara. Nilielewa "switch" na "hand" na "don't". Hizo "don't" zilikuwa nyingi. Wale watu wawili wa misumari wakaniangalia, mwenye duka akaniangalia, na msichana mwenye mdomo akiangaliwa hivyo hawezi kusema sijui.

Nikakohoa kama mwalimu mkuu. Nikapindua kurasa. Nikasema, "Wanasema mashine hii imetengenezwa kwa mafundi wa hali ya juu. Inafanya kazi kutwa nzima bila kuchoka. Inafaa kwa mbao za aina zote, hata mbao sugu za Afrika."

"Wameandika Afrika?" mtu mmoja wa misumari akauliza.

"Ukurasa wa nne," nikasema.

Wakacheka. Mwenye duka alinitazama, akashughulika na daftari lake. Huenda naye Kiingereza kilimshinda, huenda aliona si mahali pake kumuumbua mtoto mbele ya mzazi wake. Baba akaweka mkono juu ya sanduku, akaufungua mfuniko, akatazama ndani, akaufunga. "Basi," akasema. Neno moja tu. Mkokoteni ulirudi mwepesi, nami nikapanda juu yake, nikiwapungia watu mkono kama mgeni wa serikali.

Jumatatu baba akamkubalia tajiri, na siku mbili za kwanza zilikuwa bomba. Tulivuta waya kutoka kwa jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, mzee wa Sengerema anayebadilisha r zote kuwa l. Alikuja kutazama, akasema, "Nzuli! Nzuli kabisa!" na mimi nikarudia nyuma yake kimyakimya mpaka mama akanifinya. Maranda ya mninga yaliruka kama mvua nyekundu. Baba alimaliza kwa siku moja kazi ya siku nne. Usiku nilimsikia anapiga mluzi, kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu atoke kiwandani.

Siku ya tatu jirani aliwasha mashine yake, umeme ukapungua, randa ikabadilisha sauti. Ikawa kama mtu anayebeba mzigo mlimani. Baba akaikandamiza. Kwani si inafanya kutwa nzima? Mbao ile ilikuwa na fundo gumu. Kwanza ikaja harufu ya nywele zilizoungua, halafu moshi mwembamba kwenye matundu ya pembeni, halafu kimya. Baba akabonyeza swichi mara nyingi, polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. Jirani akazima mashine yake akaja. Mama akatoka jikoni. Tukasimama wanne tunaitazama, na katika wote hapakuwa na mmoja aliyejua hata pa kuifungulia.

Baba akachukua patasi zile mpya ili aendelee kwa mkono. Ya kwanza ikajikunja makali kwenye fundo hilohilo. Akainoa, ikajikunja tena. Ya pili vilevile. Akaifunga uzi, akaigonga. Ikalia vizuri kama dukani. Hapo ndipo nilipomwogopea. Hakukasirika. Alirudia kuigonga, akisikiliza, kama mtu aliyeambiwa uongo na ndugu yake.

Kulipokucha alienda dukani. Alirudi mchana, akakaa kwenye gogo nje ya banda kabla hajaingia ndani. Sanduku lilikuwa limeshavuka na meli ya Nansio, kule visiwani; mwenye duka hakumjua mnunuzi kwa jina, alijua tu kwamba ni mjenzi wa mitumbwi na alifurahi sana. Kuhusu randa, mwenye duka alimwonyesha ukurasa kitabuni. Mashine inatakiwa ipumzishwe kila baada ya dakika chache, na mbao ngumu isikandamizwe. Mashine iliyoungua hairudishwi.

Tajiri wa gesti alisikia, akaja, akahesabu milango kwa macho, akachukua iliyokamilika. Mingine akampelekea fundi kijana. Hakutukana. Nilitamani atukane, ningempa la kumjibu.

Wiki nzima nilikuwa sina la kuchekesha. Darasani wakadhani naumwa. Ijumaa nikashindwa, nikamfuata baba pale bandani, alipokuwa anafagia maranda ya siku zile mbili nzuri.

"Baba, kile kitabu sikukisoma. Nilitunga."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Ulipindua kurasa mbilimbili. Mimi sijui Kiingereza, lakini macho ninayo."

"Sasa mbona hukusema, baba? Mbona hukukataa?"

Alifagia kidogo, akasimama. "Nilitaka mtu aseme ndiyo," akasema. "Mama yako alikataa. Mwenye duka hakutaka kusema. Ukabaki wewe."

Afadhali angenichapa. Kuchapwa nimekuzoea, kuna mwanzo na kuna mwisho.

Jumatatu iliyofuata aliniamsha mapema. "Vaa sare, unisindikize kabla ya shule. Wewe unajua kuongea." Tukafuata barabara kuu mpaka kwenye banda la fundi kijana. Milango yetu ilikuwa imeegeshwa pale ukutani, ile ambayo baba alikuwa ameipima na kuikata mwenyewe. Kijana akazima mashine, akafuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikangoja baba aendelee. Akanigusa bega.

"Shikamoo," nikasema, ingawa fundi mwenyewe hakunizidi hata miaka kumi. "Baba anaomba kazi. Kama ipo."

Kijana alimtazama baba, akatazama nyuma yake, mahali ambapo mtu angeweka sanduku. Hakutaka kumwuliza yeye. Akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini.

"Vyombo anavyo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, wala sikuutafuta. Viko njiani. Vinanolewa. Viko kwa ndugu yake Nansio, vinakuja na meli ya kesho. Nikamgeukia baba ili nijue anataka upi. Alikuwa anatazama mlango mmoja, anapitisha kidole kwenye ukingo wake.

"Hana," nikasema.

Kijana akakuna kichwa. Nadhani naye angefurahi kama kuna mtu angempa namna nyingine. "Basi mzee aanze na msasa," akasema. "Tutaona."

Baba akavua koti lake, akatafuta pa kulitundika, akanipa mimi nilishike. Akakunja kipande cha msasa mara nne, akapiga goti mbele ya mlango, akaanza. Mashine ikawashwa tena. Kengele ya shule ilikuwa imeshalia, najua hivyo kwa sababu barabarani hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja, nami nimesimama palepale na koti mkononi, sijui nimrudishie, nilipeleke nyumbani, au niende nalo darasani.